Swali la Kwanza la Kocha

Mwezi Juni mwaka 2022 nilikuwa Marekani, katika jimbo la Massachusetts, kwa binti yangu ambaye ni muuguzi huko. Mzee mstaafu akienda kuwatembelea watoto wake hana kazi maalumu; hubebwa huku na huko kama kikapu. Ndivyo nilivyojikuta Jumamosi moja nimeketi pembeni mwa uwanja wa chuo kikuu, kofia kichwani, nikitazama kundi kubwa la vijana wakikimbia, wakiruka na kusukumana vifua. Mmoja wao alikuwa mjukuu wangu, kijana wa miaka kumi na sita, ambaye amenizidi urefu kwa kichwa kizima.

Mchezo wenyewe ni ule ambao Wamarekani huuita futiboli. Mimi nimecheza mpira wa miguu na nimeufundisha, na mpaka leo sijaona sababu ya kutoa jina hilo kwa mchezo ambao mpira wake una umbo la yai na muda mwingi hubebwa kwapani. Mjukuu alinieleza kwa subira: wachezaji kumi na mmoja kila upande, uwanja wa yadi 100, majaribio manne ya kusogea mbele yadi kumi, na kadhalika. Nilielewa nusu. Jambo moja tu nililielewa bila kufundishwa. Vijana wale walikuwa wamekuja kuonekana. Makocha wa chuo walizunguka na vidaftari vyao wakiandika, na kila kijana alijua kwamba anaandikwa.

Jioni kocha mmoja alikuja kukaa nasi. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, jasho likimtoka. Nilidhani atauliza uzito wa kijana, au kasi yake, au kama mama yake anaogopa kuumia kwake. Alisalimia, akaniamkia kwa heshima alipoambiwa kuwa mimi ni babu na nilikuwa mwalimu, kisha akamgeukia binti yangu akamwuliza: mwaka ujao shuleni, kijana atachukua hisabati gani?

Binti yangu alijibu kwamba hana hakika. Mjukuu akataja somo fulani, lile jepesi. Kocha akatikisa kichwa. Akasema, bila ukali wowote, kwamba kama anataka chuo hiki inambidi achukue somo gumu zaidi mwaka huu, na mwaka wa mwisho achukue kalkulasi, na kwamba yeye kocha hana uwezo wa kumwingiza mtu yeyote. Ana uwezo wa kuomba tu. Ofisi ya udahili ndiyo inayosema ndiyo au hapana. Halafu akaomba karatasi ya alama za mtoto tangu alipoingia sekondari, ndipo akaanza kuzungumza habari za miguu na mikono.

Swali lile lilinichoma, na msomaji atafahamu sababu hivi punde. Kwanza nieleze utaratibu wenyewe, maana niliudadisi sana jioni ile na siku zilizofuata, hadi binti yangu akaniambia, "Baba, pumzika."

Chuo kile ni mojawapo ya vyuo vikuu vinane vya kale vya mashariki ya Marekani vinavyoitwa Ivy League: Harvard, Yale, Princeton, Brown, Columbia, Cornell, Dartmouth na Pennsylvania. Harvard na Yale walianza kupambana katika mchezo huu mwaka 1875, wakati ambapo huku kwetu misafara ya pembe za ndovu ilikuwa bado inakwenda kwa miguu. Vyuo hivyo vinane vilikubaliana, kwanza kwa futiboli mwaka 1945 na kisha kwa michezo yote mwaka 1954, kwamba havitatoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Mchezaji hupewa msaada wa ada kwa kadiri ya umaskini wa wazazi wake, sawa na mwanafunzi mwingine yeyote. Katika miaka ya 1980 wakaongeza kipimo kingine. Alama za kijana za sekondari na mtihani wake wa SAT au ACT hukokotolewa kuwa namba moja. Ipo namba ambayo chini yake hapatikani mtu, na juu ya hapo wastani wa wachezaji hulinganishwa na wastani wa wanafunzi wote wa chuo, wasije wakawa kisiwa peke yao. Kwa hiyo kocha akimtaka kijana mmoja ambaye alama zake ni za kubahatisha, hana budi kutafuta mwingine mwenye alama za juu ili mizani isawazike. Kocha wa namna hiyo huwa nusu karani. Anajua alama za watoto wa watu kuliko baba zao.

Na kwa kuwa anajua kwamba atakataliwa, huanza mapema. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Yule kocha hakuwa akimchagua mjukuu wangu siku ile. Alikuwa akimwambia, miaka miwili na zaidi kabla, mlango una upana gani.

Sasa nirudi nyumbani.

Mwaka 1991 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu nchini Tanzania, chuo ambacho sitakitaja. Tulifundisha walimu wa shule za msingi, wa Daraja la A, kozi ya miaka miwili baada ya Kidato cha Nne. Tulikuwa na bustani nzuri ya mboga, maktaba yenye vitabu pungufu, na timu ya mpira iliyofungwa na kila mtu. Kila mwaka katika mashindano ya vyuo vya kanda yetu tulirudi vichwa vimeinama juu ya lori. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na mkuu wa chuo jirani, mtu wa maneno mengi, alikuwa na kikombe kabatini mwake. Kila nilipokwenda kwake kwa kikao alinikalisha mkabala na kabati lile.

Mwaka huo orodha ya Wizara ilipofika, baadhi ya waliochaguliwa hawakuripoti, kama ilivyokuwa kawaida, nami nikapata mwanya wa kupendekeza majina ya kujaza nafasi. Mwalimu wa michezo akaniletea habari za kijana mmoja wa wilaya ya pili ambaye alikuwa anacheza namba tisa. Tulimwona Jumapili kwenye kiwanja cha vumbi. Nimeona wachezaji wengi, lakini yule alikuwa na kitu. Mpira ulimjia kana kwamba umemjua zamani. Nilimwita baada ya mechi, nikamwuliza anaitwaje, amemaliza Kidato cha Nne wapi, na kama yuko tayari kuwa mwalimu. Alisema yuko tayari. Ni nani asingesema hivyo? Baba yake alikuwa amefariki na nyumbani walikuwa saba.

Pointi zake hazikutosha. Katika matokeo yetu pointi zikiwa nyingi ndivyo ufaulu unavyokuwa mdogo, na za kwake zilizidi kiwango kwa tatu. Hisabati alikuwa amepata F. Niliandika barua. Sikuandika uongo mtupu, nataka msomaji aelewe hivyo, ingawa sijui kama kuelewa huko kunanisaidia chochote. Niliandika kwamba kijana huyu ana "vipaji maalumu vitakavyokinufaisha chuo." Barua ikapita.

Mwaka 1992 tulichukua kikombe. Katika fainali alifunga mabao mawili, la pili kwa kichwa, na wanachuo walinibeba mimi pamoja naye kuzunguka uwanja. Nilikiweka kikombe kabatini, nikamwalika mkuu mwenzangu kwenye kikao, nikamkalisha mkabala nacho. Naam, nilifanya hivyo.

Wiki chache baadaye wanachuo walikwenda mazoezi ya kufundisha. Ilikuwa desturi yangu kukagua baadhi ya masomo mwenyewe, na siku moja nilikaa nyuma ya darasa la tano katika shule ya jirani wakati namba tisa wetu akifundisha hisabati. Andalio la somo lilikuwa safi, mwandiko mzuri. Alisimama vizuri. Watoto walimpenda, kwa sababu walimjua uwanjani. Akaandika ubaoni nusu jumlisha theluthi. Akajumlisha kiasi kwa kiasi, na asili kwa asili, akapata mbili ya tano, akapigia mstari.

Darasa likanyamaza. Msichana mmoja mdogo, miguu mitupu, akanyosha kidole. Akasema, "Mwalimu, mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu." Hakusema zaidi. Hakuwa na kiburi. Alikuwa anataka kujua imekuwaje ukiongeza kitu kinapungua. Kijana wangu akageukia ubao, akakaa amegeuka hivyo muda mrefu, chaki mkononi. Mimi, mkuu wa chuo, nilisimama, nikachukua chaki, nikaeleza kigawe kidogo cha shirika, nikamaliza somo. Watoto wakapiga makofi, maana walidhani ndivyo ilivyopangwa.

Nje, chini ya mwembe, nilianza kumkaripia. Nilimwuliza inawezekanaje mtu asimame mbele ya darasa bila kujua sehemu. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika kofia yake. Kisha akasema kwa adabu: "Mkuu, uliponiita kiwanjani hukuniuliza hesabu."

Sikuwa na jibu. Baada ya hapo nilimpangia mwalimu wa kumsaidia jioni, lakini jioni zilikuwa za mazoezi ya mpira, na mimi ndiye niliyeidhinisha ratiba ya mazoezi. Mtihani wa mwisho alianguka. Barua ya kumwambia kwamba hatapewa cheti niliitia sahihi mimi, kwa kalamu ileile.

Nimesimulia kwa urefu kwa kuwa ndiyo sehemu ninayoijua vizuri. Ya Wamarekani nimeyasoma tu, kwenye vitabu alivyoniletea binti yangu kutoka maktaba ya mji wao, ila niliyasoma kama mtu anayesoma hukumu ya kesi inayofanana na yake. Mwaka 1989 Dexter Manley, mlinzi mashuhuri wa timu ya Washington aliyekuwa amekwisha kuwa bingwa wa Super Bowl mara mbili, alisimama mbele ya kamati ya Seneti akaeleza, huku machozi yakimtoka, kwamba alipita shule na miaka minne ya chuo kikuu bila kujua kusoma. Miaka minne! Kila muhula kulikuwa na mtu aliyempa alama. Sikumcheka, wala sikuwashangaa sana wale waliompa. Niliwafahamu.

Wakati huo chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilikuwa kimekwisha kuanza kubana. Kanuni iliyotumika tangu mwaka 1986 ilitaka kijana anayeingia daraja la juu la michezo awe na wastani wa 2.0, yaani C, katika masomo 11 ya msingi, na alama 700 kati ya 1600 katika SAT. Si kiwango cha kutisha. Hata hivyo palikuwa na ugomvi, na ugomvi huo haukuwa wa kipuuzi. Waliozuiwa wengi walikuwa vijana weusi kutoka shule mbovu. Kanuni ilipotaka kukazwa zaidi, ili wasiofikia kiwango wanyimwe na ufadhili pia, John Thompson, kocha wa mpira wa kikapu wa Georgetown, alitoka uwanjani kabla ya mechi kuanza, Januari 1989, kupinga. Nilipoisoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Thompson alikuwa anasema jambo ambalo mimi na barua yangu ya 1991 tungependa kulisema kwa kujitetea: mnamfungia mlango mtoto kwa kosa la shule yake. Kuna ukweli. Namba tisa wangu alisoma sekondari ambayo kwa miaka miwili haikuwa na mwalimu wa hisabati. F yake haikuwa yake peke yake.

Lakini mimi sikumwita ili nimlipe deni la hisabati. Hapo ndipo utetezi wangu unapoporomoka. Ningekuwa nimemwita kwa sababu hiyo, jioni zingekuwa za sehemu na desimali.

Siku hizi kanuni ya NCAA inataka wastani wa 2.3 katika masomo 16, na mtihani wa SAT haulazimishwi tena na chama hicho tangu mwaka 2023. Fedha nazo zimeingia kwa mlango wa mbele: tangu 2021 mchezaji anaruhusiwa kuuza jina lake kwa matangazo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kumlipa. Vile vinane vya Ivy vimekataa kushiriki katika malipo hayo. Watu wengine husema ni ukaidi wa matajiri. Inawezekana; hivyo ni vyuo vyenye mali nyingi sana.

Wapo wanaodhani kwamba chuo chenye masharti magumu ya masomo lazima kifungwe. Mjukuu wangu alinipa mfano wa Stanford, huko California, chuo ambacho hutoa ufadhili wa michezo lakini hakifungui mlango wa udahili kwa mchezaji asiyeweza masomo yake. Mwaka 2006 timu yao ilishinda mechi moja kati ya 12. Mwaka uliofuata, chini ya kocha mpya Jim Harbaugh, waliwafunga USC mjini Los Angeles, 24 kwa 23, siku ambayo wacheza kamari walitabiri wangefungwa kwa pointi 41. Mwaka 2010 walishinda mechi 12, wakapoteza moja. Katika kundi la miaka hiyo alikuwamo Richard Sherman, mtoto wa Compton, mtaa usiosifiwa na mtu, ambaye alimaliza sekondari akiwa wa pili katika darasa lake na baadaye akawa bingwa wa Super Bowl na Seattle. Mtu fulani alikwenda Compton kumtafuta, naye alikuwako. Mjukuu alisimulia haya kwa shauku. Kwa kuwa mimi ni mwalimu nilimwuliza na habari za karibuni, akakiri huku akicheka kwamba toka 2021 mpaka 2023 Stanford ilishinda mechi tatu tu kila msimu. Mwaka 2024 nao ukawa hivyohivyo. Kwa hiyo simleti Stanford hapa kama ushahidi wa lolote, isipokuwa kwamba safari ya kutafuta ni ndefu zaidi na inabidi irudiwe kila mwaka.

Kijana alichukua hisabati ngumu. Alipata taabu. Binti yangu aliniambia kwa simu kwamba kuna usiku alilala juu ya daftari, na kwamba mwezi Novemba aliangua kilio kwa sababu ya alama ya C. Nilitaka kumwambia aache, nikanyamaza. Kiangazi cha 2023 kocha alipeleka karatasi zake kwenye ofisi ya udahili ili zisomwe kabla, kama utaratibu wao unavyoruhusu. Jibu lilirudi: hapana. Alikuwa chini kidogo tu. Kocha alipiga simu mwenyewe, akamweleza kijana waziwazi, akampa majina ya makocha wengine watatu wa vyuo vidogo, vya daraja la tatu, ambamo ufadhili wa michezo pia hautolewi. Kimoja kikampokea. Aliingia Agosti 2024 kwa alama zake, na ile C ya hisabati ikiwa imegeuka B. Anacheza ulinzi. Msimu wake wa kwanza alikaa benchi karibu mechi zote, na nilipomwuliza anajisikiaje alisema, "Babu, Jumatatu nina mtihani wa takwimu, sina nafasi ya kujisikia."

Mwaka jana nilimtembelea namba tisa. Ana duka la vipuri vya baiskeli karibu na stendi, la mbao na mabati, na fundi wawili chini yake. Nilijua alipo kwa miaka mingi. Nilikuwa napita barabara ya pili. Safari hii niliingia. Aliinuka, akajifuta grisi, akasema, "Shikamoo Mkuu," nikaitikia, akanipa kigoda. Mteja akaja kununua tairi na mipira miwili ya ndani, akatoa noti, naye akamrudishia chenji bila kufikiri, macho yakiwa kwangu.

Aliuliza kama kikombe bado kipo. Nilimwambia kwamba nilipostaafu nilikiacha kabatini. Kisha nikamsimulia habari za mjukuu: uwanja, vidaftari, yule kocha mnene aliyeanza na hisabati. Nilitaka kuendelea na yale niliyokuja kuyasema, lakini aliinua mkono kunizuia, akawa anacheka kimyakimya, spana mkononi.

"Sasa, Mkuu," akaniuliza, "mtoto alikuwa anaijua?"

Nikamwambia kwamba wakati ule, hapana. Akaitikia kwa kichwa, akamtuma fundi mmoja atuletee chai.